Alama ya Mbuke

Mke wangu Mbuke alikuwa mfinyanzi. Amefariki mwaka huu wa hamsini na nane, mvua za kwanza zilipoanza. Mimi sikusoma. Nasema nilichokiona.

Tulikaa upande wa mashariki wa mgodi wa Geita, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu. Vyungu vyake vilikwenda huko, kwa watu wa kila kabila waliokuja kuchimba. Walimjua kwa alama. Chini ya mdomo wa chungu alibingirisha kamba ya katani, mistari miwili, halafu katikati akakandamiza ukucha wa kidole gumba. Alama hiyo aliachiwa na mama yake. Kwetu ndivyo ilivyo: binti huketi kando ya mama, hufanya kila afanyacho mama bila maneno mengi, na mama akichoka mkono, binti huichukua alama. Sisi tulizaa mvulana mmoja, Mihayo. Binti hatukujaliwa.

Mwaka wa hamsini na moja wanakijiji tulijenga shule ya udongo na nyasi. Mwalimu alikuwa Valerian, kijana wa Bukoba, Kisukuma chake cha kuokoteza. Alitaka watoto wasuke, wachonge na wafinyange, siyo kusoma tu. Akaja nyumbani kumwomba Mbuke. Wanawake wenzake wakamcheka, wakasema anakwenda kuzaa mabinti uzeeni. Alikwenda. Nadhani maneno yale yalimpendeza.

Alifundisha kama alivyofundishwa. Aliketi, akafinyanga, watoto wakamtazama mikono. Akimaliza anasema, "Haya, na ninyi." Basi.

Kiangazi alipata habari ya msiba wa kaka yake Shinyanga, akaenda. Huku nyuma shule ilitaka fedha za mlango. Mwalimu na watoto wakachoma vyungu vya watoto vilivyokuwa vimeanikwa, wakavipeleka gulioni karibu na mgodi. Vilinunuliwa vyote siku ileile, hata mwalimu akashangaa.

Mbuke hajakaa sana tangu arudi, Ghati akafika. Ghati ni Mkurya, alikuwa akiwapikia wachimbaji pombe. Alibeba mtungi mtupu kichwani. Akautua mlangoni, akakataa kiti.

"Mama Mihayo, siku hizi unafinyanga vichujio? Pombe yangu yote imenywewa na sakafu."

Mbuke akauinua. Kamba ilikuwapo, mistari miwili, na ukucha katikati. Ila ukucha ulikuwa mdogo, wa mtoto. Akaugonga mtungi kwa kidole. Ulitoa sauti nzito, ya udongo ambao haujaiva.

Akamweleza Ghati kwamba huo si mkono wake. Ghati akasema yeye hanunui mikono, ananunua alama.  Mbuke akaingia ndani, akamwaga maji yetu ya kunywa, akamtolea mtungi wetu. Ghati akaondoka nao.

Wakaja na wengine. Gulioni watu walianza kugeuzageuza vyungu vyake na kuviacha chini. Shule hakwenda tena. Jioni moja aliniambia, "Baba Mihayo, jina la mama yangu linavuja." 

Mwalimu Valerian akaja kuomba radhi. Alisema amewauliza watoto kwa nini walichukua alama ya mtu, na hawakulielewa swali. Walidhani chungu bila kamba ile hakijaisha, kama vile chungu bila mdomo. Yeye mwenyewe alidhani ni pambo.

 Mbuke akacheka, mara ya kwanza tangu msiba.

"Niliwaambia wafanye kama mimi. Wamefanya."

Kesho yake akarudi shule, nami nikambebea udongo. Kamba yake aliifunga kwenye pindo la kaniki wasiione. Akawaambia hataki kukuta kamba kwenye chungu cha mtu. Kila mmoja atafute alama yake, na asiye na alama asichome. Sikupata kumsikia akiwaambia maneno marefu kuliko hayo. Watoto walihangaika. Huyu alikuja na gunzi la hindi, huyu na kwato ya mbuzi, mwingine na kipande cha mnyororo wa baiskeli. Waliigana, wakagombana, wakarudishwa kuanza upya. Na hakuna chungu kilichokwenda gulioni kabla Mbuke hajakigonga. Polepole watu wa mgodini wakamrudia. Ghati alikuwa wa mwisho.

Mwenye gunzi aliitwa Generosa. Alipomaliza shule aliendelea kuja kwetu, akaketi kando ya Mbuke. Mkono wake ukawa mzuri. Nilikuwa nikimwona mke wangu anavyomtazama, na nilijua anawaza nini.

Mwaka huu, akiwa hawezi kuinuka, alimwita. Akamnyooshea ile kamba. Generosa akaipokea kwa mikono miwili, akakaa nayo, halafu akairudisha taratibu juu ya blanketi.

"Mama, mimi ni wa gunzi. Hii ulinikataza mwenyewe."

Mbuke akamtazama. "Kweli," akasema. "Nilikukataza."

Akageukia ukutani. Sijui kama alifurahi au aliumia. Sikumwuliza, nilidhani muda upo.

Kamba iko kwenye msumari wake, pale alipozoea kuitundika. Vyungu vya alama ile vinapungua. Majuzi mbuzi wameangusha kimoja. Maji ya kunywa nayaweka kwenye mtungi wa Generosa, wenye gunzi shingoni. Hauvuji.