Vipimo Mbalimbali

Mtu akimuuliza Radhia Guermazi alifanya kazi gani maishani, hujibu kwamba aliinywesha mizeituni maji ya chumvi. Watu hucheka. Zamani na yeye alicheka.

Alikuwa mtafiti wa kituo cha mizeituni nje kidogo ya mji wa Sfax. Kwa miaka kumi na miwili alipanda miche kwenye udongo wa aina tatu, akaimwagilia maji ya visima vya chumvi, akapima. Jua limchome, upepo wa jangwani umjaze mchanga masikioni, yeye anapima tu. Ripoti ya miaka mitano ya mwanzo aliitoa mapema, nayo ilikuwa habari njema: miti ilinawiri. Ikasomwa hadi kusini kabisa. Lakini mwaka wa nane, kwenye udongo mzito, miti ile ile ikaanza kukauka kuanzia vileleni, kwa kuwa chumvi ilikuwa imejilundika chini, kwenye mizizi. Hayo hakuyachapisha. Alisema ataandika kitabu kizima, kitu cha maana, si vipande vipande.

Na alikuwa na sababu nyingine. Ujanani profesa wake alimwomba vipimo vyake vya maua “avitupie jicho tu”, akavichapisha kwa jina lake mwenyewe, na Radhia akashukuriwa chini kabisa pamoja na dereva. Tangu hapo akawa mkono wa birika. Kahawa atakupa, tende atakupa, hata gari lake atakuazima. Data, hapana.

Basi siku moja akaingia ofisini kwake Hedi, mwenzake wa kituoni aliyekabidhiwa katalogi ya pamoja. Kila mtafiti alitakiwa kuijaza kwa utaratibu mmoja: data yake inahusu nini, ilipimwa wapi, lini na kwa njia gani, na nani aulizwe. Mtu aliye Gabes, au hata Aljeria, akitafuta aone kilichopo.

“Lella Radhia, sitaki data yako,” alisema Hedi, akimwita kwa neno lao la heshima kwa mwanamke. “Kaa nayo, lala nayo. Nataka watu wajue tu kwamba ipo.”

“Na nikimtangazia mwizi kwamba nina dhahabu uvunguni, nitakuwa nimefanya nini?”

“Mwizi gani, dada yangu? Yule profesa wako si alishakufa?”

“Ana wanafunzi.”

Hedi alicheka hadi kahawa ikamwagika. “Haya, umeshinda. Andika basi maneno mawili matatu ya kueleweka, nikupishe.”

Radhia akaandika. Penye jina: vipimo mbalimbali. Penye mahali: Sfax. Penye maneno ya kutafutia hakuandika kitu. Penye wa kuulizwa: Radhia, kituoni. Kwake hayo yalitosha, maana ndivyo walivyoishi pale wote. Ukitaka kitu cha mtu unakwenda ofisini kwake, mnakunywa kahawa, mnaulizana hali za wazazi, ndipo unakitaja.

“Hata mimi ninayekujua nisingejua hiki ni kitu gani,” alisema Hedi.

“Anayenihitaji ananijua.”

Akastaafu. Ofisi akapewa mwingine, barua pepe yake ya kazini ikafungwa. Kitabu nacho hakikuandikwa: mara mama anaumwa, mara binti anaolewa, mara uvivu tu, tuseme ukweli.

Kisha akaja nyumbani kwake Ahlem, mtafiti kijana wa Zarzis, kule kusini, aliyeelekezwa na Hedi. Hakuja kulaumu mtu. Shamba la mizeituni la baba yake lilikuwa linakauka, na mashamba ya majirani vilevile, na yeye ndiye aliyewashauri wapande na kumwagilia maji ya visima, kwa kutegemea ile ripoti ya miaka mitano. Alitaka kujua kama mwandishi wake aliona chochote baadaye.

Radhia akafungua kompyuta na kumwonyesha. Ahlem akasoma mwaka wa nane, akarudi juu, akausoma tena.

“Hii ni ya lini?”

“Ulikuwa hujaanza shule wewe.”

“Nilitafuta, Lella. Katalogi ile niliipekua yote. Niliandika mizeituni, nikaandika chumvi, visima, udongo mzito. Ikanipa ile ripoti yako, basi.”

“Ilikuwemo.”

“Kwa jina gani?”

Radhia akamtajia, macho yake yakiwa mezani. Ahlem aliyarudia maneno yale mawili polepole. Afadhali angefoka.

Wiki hiyohiyo Radhia akaenda Zarzis. Hakuna aliyemwita, roho tu ilimsuta. Baba yake Ahlem, mzee Khalifa, alikuwa anang'oa visiki. Alinawa mikono, akaagiza mkate na bakuli la mafuta.

“Ya mavuno yetu ya mwisho haya, daktari. Kula.”

“Mzee Khalifa, mimi nilijua.”

“Ulijua nini?”

“Kwamba miti itakauka. Nilijua kabla hujachimba shimo la kwanza.”

Mzee akachovya mkate, akatafuna, akawaza. “Ungemwambia nani, binti yangu? Hukutujua sisi.”

Alisema hivyo ili kumtetea, na ndiyo maana maneno hayo yalimchoma. Mafuta yalikuwa mazuri mno. Alikula kwa adabu, na nyuma yake mtu aliendelea kupiga shoka.

Kesho yake asubuhi alikuwa kituoni. Hedi, mvi kichwa kizima sasa, alikuwa amebandika chai kwenye jiko lake dogo. Alijua kilichomleta. Alifungua katalogi, akaanza kumsomea sehemu moja baada ya nyingine, na Radhia akajaza. Mizeituni, maji ya chumvi, udongo mzito, kukauka baada ya mwaka wa nane. Miaka yote, mashamba yote, jinsi alivyopima. Data yenyewe akaiacha wazi kwa anayeitaka. Penye wa kuulizwa akaweka namba yake ya nyumbani, na chini yake jina la Ahlem.

“Kinachofuata?” aliuliza.

“Hakuna. Umemaliza.”

“Ndiyo hiyo tu?”

“Ndiyo hiyo tu, dada yangu.”

Radhia akageuka kuitazama chai. Ilikuwa bado haijachemka.