Betri Mbili Zilizochoka

Siku ya kwanza niliposikia gita ya umeme sikuipenda, na nilisema hivyo mbele ya mwenyewe. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru. Rafiki yangu alikuwa ameileta kutoka Bukavu, nyekundu, inang'aa, akaitembeza Masisi nzima kabla ya kunifikishia mimi kijijini Lushebere. Tuliibeba mpaka kiwanda cha chai, kwa sababu kulikuwa na jenereta, tukaiunganisha kwenye redio kubwa ya zamani niliyokuwa nimeigeuza kuwa kipaza sauti. Akapiga. Sauti ilitoka safi, imenyooka, haina kosa, na watu wakapiga makofi. Mimi nikamwambia inaimba kama mtu aliyesafishwa mdomo kwa sabuni.

"Mwira, uko na wivu," akanijibu.

Mwira ni rafiki, kwa lugha ya nyumbani, lakini si rafiki wa kusalimiana njiani. Ni yule anayeweza kuingia kwenu na kufunua chungu bila kuuliza. Tuliitana hivyo tangu shule ya misioni, na hakuna mwingine aliyeniita hivyo.

Sikuwa na wivu. Nilikuwa na babu. Baba yake mama alikuwa mpiga likembe, kile kisanduku cha mbao chenye ndimi za chuma kinachopigwa kwa vidole gumba, na kila ulimi alikuwa ameuvisha kipete cha waya. Ukigusa polepole, ulimi ulisema peke yake. Ukibonyeza kwa nguvu, kipete kilitetemeka na sauti ikaingia mchanga. Ndivyo alivyoita mwenyewe, mchanga, na likembe isiyo na mchanga aliirudisha kwa aliyeichonga. Alikuwa akipiga huku anatembea, kutoka kwenye mihogo yake mpaka nyumbani, na mama alipokuwa mtoto alijua kama baba yake amefurahi au amekasirika kabla hajamwona. Babu alikufa, na likembe yake ikaliwa na mchwa.

Nikamwambia rafiki yangu aniachie gita yake, nitaitafutia mchanga.

Kazi yangu ilikuwa redio. Nilijifunza kwenye kambi ya mgodi upande wa Walikale, kwa kumshikia fundi umeme nyaya mpaka akachoka kunifukuza. Redio ndogo za transista zilikuwa zimeanza kufika, na zile zilizokufa nilizikusanya Mpofi na Ntoto, kwa wachuuzi waliofurahi kuondolewa uchafu. Nikatoa transista moja, nikaifunga ndani ya kopo la sardini, nikaliweka kopo kati ya gita na kipaza sauti ili lisukume sauti mpaka ijae na kumwagika. Chuma cha kulehemu nilikipasha kwenye makaa ya mama, naye akalalamika kwamba maharagwe yake yananuka risasi ya kulehemu. Swichi ya kukanyaga niliing'oa kwenye lori bovu, ile ambayo dereva alikuwa akiikanyaga kubadili taa.

Rafiki yangu alipopiga kule kiwandani, zikatoka takataka. Nyuki ndani ya kopo. Aguse polepole, nyuki. Apige kwa nguvu, nyuki wale wale. Rafiki yangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka, maana hapo ndipo nilipojua ninachotafuta: kisanduku kinachosikiliza kidole. Kidole kikibembeleza, kisanduku kinyamaze. Kidole kikikasirika, nacho kikasirike, lakini kisimpite mpigaji mwenyewe. Mtu hana sauti mbili, moja ya kunong'ona na moja ya kufoka. Sauti ni ile ile moja, na inakwaruza kadiri anavyoipandisha. Sijui kwa nini nilichelewa kuelewa jambo ambalo mama alinionyesha kila asubuhi akiniamsha.

Nilihangaika msimu mzima wa mvua. Nikapunguza nguvu ya transista. Nikaongeza diode mbili, vile vipande vidogo vya kioo ambavyo redio hutumia kuokota sauti, nikavielekeza kinyume, kimoja huku na kimoja kule. Sauti ikiwa ndogo, havikuigusa. Ikipanda, viliikata kichwa taratibu bila kuivunja. Tukawa karibu, ila makali bado yalikuwepo, ukali fulani wa kitu kisicho na pumzi. Kisha siku moja betri mpya zikakosekana, nikatoa zile za tochi yangu, ambazo zilikuwa zimebaki na mwanga wa kuona vidole tu. Niliziweka kwa kukata tamaa.

Rafiki yangu akagusa uzi mmoja polepole. Ukasema peke yake. Akaupiga kwa nguvu. Mchanga ukaingia, ukatetema, ukapungua, na sauti ikaisha ikiwa safi tena.

"Mwira! Gita iko nasema!" Alikuwa amenishika shingo. "Njo yenyewe! Iko nasema sawa muntu!" Njo, kwetu, ni ndiyo.

Nilimweleza kama nilivyoelewa mwenyewe, kwamba betri mpya ina haraka, na iliyochoka inaiachia sauti nafasi ya kupumua. Nikamwonya asiweke mpya kamwe. Jambo hilo tulilijua sisi wawili tu.

Alipoitwa Bukavu kujiunga na orkestra, tulikunywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kwa mrija mmoja. Kisanduku kilikuwa kimoja tu, nikampa. Sikumwomba kitu. Ahadi aliitoa mwenyewe.

"Siku nitapiga kwa radio, nitasema: hii sauti ilitoka Lushebere, kwa mwira wangu. Bantu wote batasikia."

"Ukisahau?"

"Nitasahau namna gani? Niko mulevi?"

Nikaamini, na kwa ujinga wangu nikawaambia watu. Niliwaambia majirani, wateja, hata katekista: sikilizeni redio, mtasikia kisanduku changu na mtasikia jina langu.

Wakasikiliza. Siku wimbo ulipotoka meza yangu ya kazi ilikuwa imezungukwa. Mama tu ndiye alikuwa shambani. Mchanga ukatoka kwenye redio niliyoitengeneza kwa mikono yangu, na miguu yangu ikashindwa kutulia. Wimbo ulipoisha, mtangazaji akamuuliza rafiki yangu sauti ile ameipata wapi.

"Iko mashini ya Ulaya," akasema. "Ilinifikia kwa avion, kwa ndege. Huku kwetu nani anaweza kutengeneza kitu kama hii?"

Hakuna aliyecheka mara moja. Walinipa nafasi ya kusema, nami nikazima redio. Angejisifu kwamba amekitengeneza yeye, ningekwenda Bukavu kwa miguu nikamkamate shati. Mwizi angalau anakipenda alichoiba. Huyu alichukua sauti ya babu yangu akawapa watu ambao hata hawakuiomba.

Tangu siku hiyo jina langu likawa Ulaya. "Ulaya, nitengenezee radio yangu, lakini usiseme njo wewe uliizaa." Mama alinuna kuliko mimi, na kuna wanawake wawili wa pale jirani aliowanyima salamu mpaka Pasaka. Mimi nilimtetea rafiki yangu. Nilisema labda mtangazaji alimharakisha, labda wakubwa wa orkestra walimlazimisha, na siku atakayokuja atasema mwenyewe. Nilijidanganya vizuri sana.

Akaja. Orkestra yake iliitwa kupiga Masisi kwenye sikukuu, mchana, kiwanjani, mbele ya wakubwa na shule zote. Nilivaa shati la kanisani. Nilikuwa nimemwekea betri mbili zilizochoka, nimezichagua kati ya nyingi, nikazifunga kwa jani la mgomba kama unavyomfungia mgeni mayai. Zawadi gani hiyo, betri zilizokufa! Lakini dunia nzima yeye peke yake ndiye angeielewa.

Nilisimama karibu na jukwaa. Aliniona; najua aliniona, kwa sababu aliacha kutazama upande wangu. Kisanduku kilikuwa kimepakwa rangi nyeusi na kuandikwa neno la Kifaransa, ila swichi ya lori niliitambua. Akaikanyaga, wakatoka nyuki. Akaikanyaga tena. Nyuki. Mtu fulani wa orkestra, kwa heshima ya sikukuu, alikuwa amekitia betri mpya.

Watu wakaanza kunung'unika. Ndipo akasogea kwenye mikro.

"Kuko fundi wa radio hapa? Papa fundi, wewe pale, tusaidie kidogo. Mashini ya Ulaya inasikia baridi ya Masisi."

Papa! Tumezaliwa msimu mmoja, tumechapwa fimbo moja na mwalimu mmoja. Papa ni neno la heshima, na ndiyo maana liliniuma: alinipa heshima unayompa mtu usiyemjua. Kiwanja kikacheka, na wale wa Lushebere wakapaza sauti, "Enda, Ulaya! Enda!"

Nikapanda. Nikapiga magoti, nikafungua skrubu. Chini ya rangi yote ile kopo langu la sardini lilikuwa mahali pake, na risasi niliyoiyeyusha kwa makaa ya mama. Naye akainama, akafunika mikro kwa kiganja, akaninong'oneza.

"Mwira, uko na pile ya kuchoka? Nilijua utaleta."

"Sema kwanza nani alikitengeneza."

"Ngoja kiisha muziki, mwira. Mbele ya hawa bakubwa nitasema nini? Eti iko kopo ya sardini?"

Ningeweza kushuka. Hasira nilikuwa nayo, tena ya kugawia watu. Lakini ile sauti ilikuwa yangu, ilikuwa inaaibika mbele ya kila mtu ninayemjua, na hakuna mwingine ambaye angeiokoa. Nikafungua jani la mgomba, nikabadilisha betri. Akapiga, mchanga ukaingia, kiwanja kikapiga kelele. Akaondoa kiganja kwenye mikro.

"Merci, Papa fundi," akasema.

Sikungoja muziki uishe. Nilishika njia ya Lushebere na zile betri mpya mfukoni, na sauti ikanifuata kilima kwa kilima. Mama nilimkuta mlangoni, ungo wa maharagwe mapajani, mikono imesimama. Majaribio yetu yote tuliyafanyia kiwandani, na wimbo wa redioni ulimkuta shambani, kwa hiyo hakuwahi kuisikia.

"Sikia," akaniambia, bila kunitazama. "Njo baba yangu anatoka shamba. Na leo amekasirika."

Nilikaa karibu naye.

"Hapana, Mama," nikasema. "Ile iko mashini ya Ulaya."