Msanifu Asiyekosea

Msanifu aliyechora nyumba ya jirani yangu Rotraud, hapa Tübingen, Ujerumani, hakosei. Kampuni yake ya bima ilimwonya kwamba akikiri kosa kwa mdomo wake atalilipia mwenyewe, naye onyo hilo huenda nalo mpaka mezani. Jana, tulipokaa watatu mezani kwa Rotraud, alimwaga kahawa kwenye kitambaa cheupe cha meza, akairekebisha skafu yake nyeusi, akasema kwa sauti ya padri, "Chanzo cha unyevu huu kitachunguzwa."

"Chanzo ni mkono wako, Bwana Msanifu," Rotraud akamjibu. "Na ile boriti uliyoichora juu ya ngazi? Mama mkwe wangu ameigonga mpaka kichwa kina nundu kama ngamia."

"Kimo cha mama mkwe sikuletewa wakati nachora."

"Basi njoo uione mwenyewe."

Tukapanda wote watatu. Yeye alitangulia, viatu kaviacha mlangoni kama desturi, soksi imetoboka kisiginoni, vidole vyake virefu vikipapasa ukuta kama daktari anayetafuta homa. Huku akipanda alitueleza, bila kugeuka, kwamba nafasi ya kichwa ni tele, na mtu mzima yeyote hupita pale wima bila wasiwasi. Alipofika chini ya boriti akainama, akapita, akanyooka, akaendelea kueleza. Wakati wa kushuka akainama tena, sentensi haikukatika.

Rotraud akamwacha afike chini kabisa. "Bwana Msanifu," akamwita kwa upole, "kumbe shingo hukuikatia bima? Imekiri mara mbili."