Usifunge Kamba Kwenye Mgomba

Jumatano, saa kumi na moja kasoro robo jioni. Naandika haya nimekaa juu ya ndoo nyuma ya jiko, nyumbani kwa babu, Moshono. Kuongea mbele za watu siwezi, ndiyo maana naandika.

Kesho natakiwa kusimama mbele ya Kidato cha Tatu na kamba, nionyeshe jinsi wimbi linavyokwenda, likagonga mwisho, likageuka, na likikutana na linalokuja, kamba ionekane kama imesimama. Mwalimu wa fizikia alisema nikishindwa atampa mwingine. Leo nilifunga kamba ya ng'ombe kwenye mgomba nikajaribu. Ikatikisika tu. Nikaandika barua kwamba naumwa, nikampelekea babu aitie sahihi.

Akaisoma polepole. "Unaumwa nini?"

"Tumbo, babu."

"Mbona barua inasema kichwa?"

Akanisogezea kigoda. Maneno yake ni haya, nayaandika nisije nikayasahau.

"Mwanangu, ipo siku moja haijanitoka. Nilikuwa na umri kama wako, ndio kwanza nimepokelewa kwenye kundi la matarumbeta la usharika wetu kule mlimani. Sikukuu ya mavuno, ndizi zimejaa mpaka madhabahuni. Nikataka mama yangu anisikie mimi peke yangu. Nikapuliza kwa nguvu zote. Tarumbeta likalia kama ndama aliyekanyagwa. Watu wakacheka, hata mchungaji, ingawa yeye alijifanya anakohoa. Nikaliweka chini, nikatoka nje.

Mzee aliyetufundisha akanifuata. Kubembeleza hakujua mzee yule. Akasema, 'Wewe unapigana na chombo. Pumzi ikifika mwisho wa bomba haitoki yote, nyingine inageuka inarudi mdomoni. Ingoje, uikutanishe na nyingine kwa wakati wake. Sauti inazaliwa zinapokutana. Sasa kimekurudia kicheko, umekimbia. Ingia ndani.' Nikaingia. Subira yavuta heri, mwanangu, lakini subira ya aliyekimbia haivuti kitu."

Akainuka, tukaenda zizini.

"Mgomba ni maji matupu," akasema. "Unameza kila unachoupelekea. Funga kwenye nguzo hii. Na hiyo barua yako nayo ni mgomba."

Nikafunga. Mwanzo niliharakisha, kamba ikavurugika. Nikapunguza mpaka nikahisi wimbi linarudi kiganjani, nikalipokea kwa jingine. Ghafla kamba ikajipanga: matumbo mawili yanavimba, na katikati yake kifundo kisichosogea kabisa. Babu akakitazama kama mtu anayetazama mtoto akipiga hatua.

"Basi sikia. Mcheza kwao hutunzwa, lakini kwanza huchekwa. Kesho watacheka. Kicheko kikirudi usisimamishe mkono, endelea kwa mwendo wako. Kisichogonga mahali kikarudi hakisimami. Mungu akupe mkono unaotikisa kamba, usiotikiswa na watu. Nenda kakoroge uji."

Barua hakuitia sahihi. Alinirudishia.

Alhamisi jioni, naendelea. Asubuhi nilifunga kamba kwenye nondo za dirisha la darasa. Fundo lilikuwa linalegea, nikaikunja ile barua nikaibana ndani yake, likakaza.

"Jamani, leo tunaruka kamba," Glory akasema kutoka nyuma. Darasa zima likacheka. Masikio yangu yakawaka moto. Sikusimamisha mkono. Nilingoja wimbi, nikalipokea, nikalipokea tena. Matumbo yakatokea, mawili, kisha nikaongeza mwendo kidogo yakawa matatu.

Kicheko kikaisha chenyewe.

"Glory," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka. "Njoo ushike hapa kwenye kifundo."

"Si nitaiharibu?"

"Shika tu."

Akaja, akakibana kwa vidole viwili, taratibu kama anashika mdudu. Kamba ikaendelea kuvimba pande zote mbili za vidole vyake.

"Mh," akasema. Hakuondoa vidole. Nami nikaendelea kutikisa.