Maneno ya Tamsin Kwenye Kaburi la Mwingine

Kazi ya Hester Blamire ilikuwa kutia wafu katika riwaya za watu waliokwisha kufa, na hakuionea haya. Mchapishaji humpa riwaya ya mapenzi ya karne mbili nyuma, isiyo tena na mwenye haki wa kuidai, naye huipachika mazombi, wafu wanaotembea na kula watu: hapa wachumba wanacheza dansi, pale shangazi anatafunwa shingo. Maneno ya zamani huyaacha meusi, yake huyapiga kwa rangi nyekundu ili mhariri ayatambue. Kitabu kikitoka, yote ni meusi.

Katika riwaya ya Lavinia Thorne, mmoja wa waandishi hao wa kale, alimtia mtoto mfu anayegonga mlango wa mamake: “Mama, usifunge. Bado nakuja.” Hayo hakuyatunga. Yalikuwa ya binti yake Tamsin, aliyefariki akiwa na miaka sita; ndiyo aliyokuwa akisema kila alipoachwa nyuma njiani wakirudi nyumbani. Mwili wake ulichomwa, majivu yakapeperushwa mlimani, kama baba yake alivyotaka. Miaka kumi na mmoja Hester hakuwa na kaburi la kulilia, na jambo hilo lilimla moyo.

Kisha akasikia kuwa kijiji cha Skelgarth, alikozikwa Lavinia, kimechonga jiwe jipya la kaburi lake, na juu ya jiwe maneno yale yale. Akaenda, mswada kwapani. Clive Rudge, mwenyekiti wa chama cha wapenzi wa vitabu vya Lavinia, alikuwa akimimina chai katika ukumbi wa kanisa.

“Yale ya kwenye jiwe ni yangu, Bwana Rudge.”

Clive akacheka mpaka chai ikamwagika. “Yako? Si ndiwe yule wa mazombi? Ya kutafunana tumekuachia, Bi Hester. Ya kuliza watu ni ya Lavinia wetu.”

“Kile kitabu cha zamani umekisoma?”

“Nimesoma chako. Si ni kile kile, umekitia pilipili tu?”

Mwenyekiti mzima! Hester akaliweka mezani jalada la mswada. “Mswada huu hapa. Yangu ni mekundu.”

Kicheko kikamkauka Clive. “Kama ni kweli, kesho fundi anakuja kuyakwangua. Maneno ya zombi hayakai kaburini kwa mtu.”

Mkono wa Hester ulikuwa umeshafika kwenye kamba ya jalada. Akautoa.

“Nimechanganya,” akasema. “Ni yake.”

“Nilijua. Haya, kunywa chai.”

Tangu siku hiyo huja kaburini kila Jumapili na maua. Wanachama humsifu kwa mapenzi yake kwa Lavinia. Jumapili iliyopita Clive alimkuta amepiga magoti, analia kwa sauti.

“Punguza basi, Bi Hester, kuna wageni. Kwani ulimjua marehemu?”

Hester akajifuta uso, akasema hapana, hakumjua.