Bosi Tuliangalie Yuko Sokoni

Umma unatangaziwa, kwa heshima zote zinazostahili cheo chake, kwamba aliyekuwa Mkurugenzi wa Uendeshaji wa kiwanda cha rangi, mwenye kiti cha ngozi, maegesho yenye kivuli na sekretari wa kumkumbusha hata siku aliyozaliwa mke wake, yuko sokoni. Mheshimiwa yuko tayari kubadili taaluma. Makampuni, mashirika na taasisi zenye kiu ya uongozi zinaombwa zijipange foleni. Kusukumana si ustaarabu.

Hakuna aliyesukumana.

Kilichotokea ni hiki. Kiwanda kilinunuliwa na kampuni kubwa zaidi, na wanunuzi wakapita chumba kwa chumba wakimuuliza kila mtu anafanya kazi gani. Mpishi wa rangi alisema anapika rangi. Dereva alisema anaendesha. Mkurugenzi wa Uendeshaji alisimama ubaoni akachora miduara na mishale, mishale ikaingia kwenye miduara, ikatoka, ikaingia tena. Wanunuzi wakamshukuru. Wiki iliyofuata nafasi yake ikafutwa. Nafasi ikafa, mwenye nafasi akabaki hai, na hapo ndipo shughuli ilipoanzia.

Kule kiwandani walimwita Tuliangalie. Ukimpelekea ombi la glovu, alisema tuliangalie. Feni imekufa, tuliangalie. Paa linavuja juu ya magunia, tuliangalie kwa mapana yake. Alikuwa na namna yake ya kulisema: ncha za vidole zimekutana, macho yameelekea dirishani, sauti imeshuka kama ya daktari mwenye habari njema. Ulitoka mle ofisini umeridhika kabisa. Ukifika chini ya ngazi ndipo unagundua kwamba hukupewa hata kijiti.

Aliyelijua neno hilo kuliko wote ni mke wake. Yeye ni fundi wa mapazia. Karakana yake iko nyuma ya nyumba, na ndani mna cherehani, meza ndefu ya kukatia, majora ya vitambaa yaliyosimama kama watu wanaosubiri kuitwa, na mwenyewe na pini zake mdomoni. Zamani zile ofisi za kiwanda zilipigwa na jua mpaka makarani wakabandika magazeti kwenye vioo. Mke akaomba, zaidi ya mara moja, apewe kazi ya kushona mapazia. Na kila alipoomba, mume, akiwa mezani, ameshika kijiko, sahani imepakuliwa na huyo huyo mwombaji, alijibu: "Tuliangalie, mama watoto."

Wamiliki wapya hawakuangalia. Walipokea bei za mafundi, wakachagua ya mama watoto, wakampa jengo zima. Bahati mbaya mpimaji wake alikuwa amehamia mji mwingine. Ndipo siku moja mke akatoa pini mdomoni, ishara kwamba jambo ni zito.

"Baba watoto, mimi sina ugomvi na ukurugenzi wako. Tafuta. Lakini si Jumatatu hii, ile inayofuata, lazima mtu aende kule na futi. Ukiwa umepata kazi, nitaazima mpimaji kwa mafundi wenzangu. Ukiwa hujapata, mpimaji ni wewe."

"Niende kiwandani kwangu na futi shingoni?"

"Kingekuwa chako kingekuwa na mapazia."

Aliwaona tayari: wale wale waliokuwa wakikaa wima alipopita koridoni, sasa wamekaa walivyokaa, wanamtazama akipanda ngazi ya mbao huku mkewe akimwelekeza kwa kidole. Afadhali ameze sabuni. Kwa hiyo alikuwa na wiki moja na ushei ya kupata kazi, kazi yoyote yenye mlango na kibandiko cha jina, na akaiharakisha kazi ya kutafuta kazi.

Alianza kwa mshauri wa ajira za viongozi, binti wa umri wa mwanawe mkubwa, mwenye ofisi ya kuta za vioo na mti wa plastiki unaofutwa vumbi kila asubuhi.

"Mheshimiwa," binti alisema, "mambo yamebadilika. Siku hizi kiongozi hatafuti kazi. Kazi ndiyo inamtafuta kiongozi."

"Inanitafutia wapi? Mimi nipo nyumbani muda wote."

"Hiyo ndiyo shida. Uonekane. Nafasi kubwa hazitangazwi, ziko kwenye soko lililofichika."

"Limefichwa na nani?"

"Na watu kama wewe, mheshimiwa, mlipokuwa ofisini."

Kisha akachukua wasifu wake, kitabu kizima chenye jalada, akaukata mpaka ukabaki karatasi mbili. Akaondoa miaka yote ya mwanzo ili umri usionekane. Akaondoa neno "rangi" kila lilipokuwepo, kwa sababu mtu anayehama taaluma habebi ndoo. Akamweleza kwamba wasifu hausomwi na mtu tena, unasomwa na mashine, na mashine inapenda maneno fulani. Akayamwaga hayo maneno kama chumvi. Mwisho akampa amri kuu.

"Kwenye usaili, neno 'sina' halipo. Wakikuuliza una uzoefu wa hospitali, wa ndege, wa kuku, jibu ni moja: una uzoefu unaohamishika."

Akapigwa picha ya mtandaoni, mikono imekunjwa kifuani, anacheka kitu kilicho pembeni. Mke alipoonyeshwa aliitazama kwa muda.

"Unamcheka nani?"

"Ni mtindo. Inaonyesha ninafikika."

"Mimi nimekupigia simu toka mchana hufikiki."

Majibu yakaanza kuja, mengine yakiwa yametumwa kabla hajamaliza kunywa chai baada ya kutuma maombi. Mashine haichelewi. Yote yalikuwa na adabu, na yote yalisema sifa zake zimezidi nafasi husika. Shemeji yake, kaka wa mke, fundi wa majokofu anayekuja kila Jumapili kukagua jokofu lisilo na tatizo na kula vilivyomo, akaomba asomewe moja.

"Yaani wanasema wewe ni mzuri mno kwao?"

"Ndivyo walivyoandika."

"Shemeji, mimi wasichana wote niliowaacha niliwaambia hivyo hivyo."

Akaambiwa na mshauri ajenge mtandao, akutane na viongozi wenzake. Akawaalika waliokuwa wakurugenzi aliowafahamu, mkahawa mzuri, meza ya nje. Walifika wote kwa wakati, jambo ambalo lingemshtua mtu mwenye akili zake, maana mkurugenzi mwenye kazi hafiki kwa wakati. Wakasalimiana kwa kupigana mabegani. Wakaulizana mambo yakoje, kila mmoja akasema yuko katika kipindi cha mpito. Wanaume wazima, mashati yamepigwa pasi mpaka yanakata, kila mmoja amekuja kuomba kazi kwa wengine. Baada ya kahawa ya pili waliunda kamati, wakachagua mwenyekiti na makamu, na wakaenda nyumbani wakiwa na vyeo.

Siku zikayoyoma, akawa mtu wa hasira. Aligombana na mashine ya kuchapa. Aligombana na fomu ya kompyuta iliyomwambia ajaze tena alichokwisha kujaza. Akakemea paka kwa sauti ya kikao cha bodi.

Halafu, Jumatano, akaitwa. Nyumba ya kutunzia wazee ilikuwa inatafuta mkuu. Na hii, kusema kweli, aliitaka. Siku alipopeleka maombi kwa mkono aliwaona wazee barazani wakigombana juu ya bao la drafti, mmoja anamwambia mwenzake mwizi toka ujana wako, na akajikuta amesimama pale anatabasamu bila mpiga picha. Alijiona akipita asubuhi kuwauliza wameamkaje. Usiku ule wa Jumatano aliacha kujisomea maneno ya mashine, akamweleza mkewe kuhusu wale wazee wa drafti, mpaka mke akaacha kushona kumsikiliza.

"Basi kawaambie hivyo hivyo," mke alisema. "Usiongeze kitu."

Alhamisi alifika amevaa suti ya kijivu. Binti wa mapokezi akamtazama kwa huruma. "Shikamoo mzee. Wanaokuja kupokelewa wanapita mlango wa pili, kuna kiti cha magurudumu."

"Marahaba. Nimekuja kwa ajili ya ukuu."

"Ndiyo mzee, wote wanasema hivyo."

Yakasuluhishwa hayo, akaingizwa chumbani. Mle walikuwa watatu wamesimama kumpokea: mwenyekiti, ambaye ni mama muuguzi mstaafu; mhasibu; na bibi mwenye mkongojo, mwakilishi wa wanaoishi pale. Meza ilikuwa na viti vitatu upande wa ukutani na kimoja peke yake upande wa mlangoni, na hata mbuzi angejua kile kimoja ni cha nani.

Bosi Tuliangalie aliizunguka meza, akakaa katikati ya vile vitatu, akafungua kifungo cha koti. "Karibuni, kaeni," alisema.

Wakakaa. Ile sauti ilikuwa imekalisha watu miaka mingi, ingewashindaje watatu. Mwenyekiti ndiye aliyeangukia kile kiti cha mlangoni.

"Tuanze kwa kujitambulisha," akasema. Wakajitambulisha. Akamuuliza mhasibu changamoto zake, mhasibu akaeleza, yeye akaitikia kwa kichwa kwa uelewa mkubwa. Akamgeukia mwenyekiti, na yule mama, ambaye pengine hakuwa amesikilizwa na mtu tangu mvua za mwaka juzi, akafunguka: mashine ya kufulia imekufa, mashuka yanafuliwa kwa mikono, wafuaji migongo inawauma, wazee wanalalia godoro tupu wakingoja shuka likauke. Alikaribia kulia. Ulikuwa usaili mzuri kuliko wote uliowahi kufanyika katika chumba kile, kasoro yake ni kwamba waliokuwa wakisailiwa ni wenye kazi.

Bibi mwenye mkongojo ndiye aliyeshtuka. "Sasa wewe baba," alisema, "hiyo mashine utaifanyaje?"

Hapo palikuwa mahali pa kusema jambo. Atafute fundi, ana shemeji anatengeneza majokofu, hashindwi kujua wa mashine za kufulia. Aseme wale wazee wa drafti. Aseme hata sijui. Ncha za vidole zikatafutana zikakutana. Macho yakaenda dirishani.

"Tuliangalie," alisema.

Kisha, kwa kuwa kila baada ya neno hilo kikao huwa kimefungwa, akainuka, akafunga kifungo. "Nawashukuru kwa muda wenu. Tutawasiliana."

Akatoka. Nyuma yake bibi alisikika akiuliza, "Kwani huyu ndiye anayetuajiri?"

Swali hilo lilimwingia akilini getini, mkono ukiwa kwenye komeo. Alisimama pale kama aliyemwagiwa maji.

"Mzee, umesahau kitu?" mlinzi akamuuliza.

"Usaili."

"Upo mapokezi? Nikuletee?"

Ijumaa mwenyekiti alipiga simu mwenyewe, na alikuwa mpole, upole ambao ni mbaya kuliko tusi. "Bwana, tumefurahi sana kuzungumza nawe. Mhasibu wangu anauliza kama sisi tumepita." Akacheka kidogo, akaacha. "Nafasi tumempa mwingine. Tulimuuliza swali lile lile la mashine, akasema kesho yake angemleta fundi."

Mke alikuwa kando, amesikia. Alichukua futi iliyokuwa shingoni mwake akaiweka mezani, mbele ya mume, akarudi karakana.

Jumatatu wakaenda. Mke mbele na daftari, mume nyuma na ngazi ya mbao begani. Mlinzi wa kiwanda alikurupuka kwenye kiti.

"Bosi, umerudi?"

"Na mapazia."

Kabla hawajafika ghorofani, habari ilikuwa imewatangulia kutoka mlango hadi mlango: Tuliangalie yuko ndani, kabeba ngazi. Hakuna aliyemcheka usoni. Walimsaidia kufungua milango, na hilo lilimuuma zaidi. Mpishi wa rangi alishika ncha ya ngazi kwenye kona ya koridoni, akamwambia taratibu, "Pole bosi. Ile feni tuliipata."

Chumba cha mwisho kilikuwa chake. Mkurugenzi wa mauzo wa wamiliki wapya, kijana, alisogeza kile kiti cha ngozi ili ngazi ipate nafasi. Bosi akapanda. Dirisha alilolitazama miaka yote lilikuwa mbele ya pua yake, na upana wake hakuujua. Alisimama juu pale akalitazama. Vidole vikaanza kutafutana.

"Usiliangalie," mke alisema, pini mdomoni. "Lipime."

Simu ikalia mfukoni mwa suruali yake. Mikono yake yote iko kazini, basi mke akanyoosha mkono, akaichomoa, akaifungulia sauti, na chumba kizima kikamsikia binti wa ajira za viongozi.

"Mheshimiwa, nina habari nzuri. Kuna kongamano la viongozi waandamizi wanaobadili taaluma, na ninakusanya nukuu. Baada ya safari yote hii, ungewaambia nini wenzako? Sentensi moja tu, kutoka moyoni. Tunakusikiliza."

Kijana mkurugenzi aliacha kuandika. Mlangoni, mpishi wa rangi na makarani waliojifanya wanapita wakaacha kupita. Mke akashika kalamu.

Bosi alivuta futi mpaka ukingo wa pili, akaisogezea macho.

"Mita moja na themanini," alisema.