Jaribio la Dada Mkubwa

Ofisini tulimwita Bi Tena. Ukigusa programu yetu, hata ukibadilisha rangi ya kitufe tu, atakwambia, "Haya, tuipime yote tena." Programu hiyo huwatumia wagonjwa ujumbe wa tarehe zao za kliniki.

Kupima yote kwa mkono kulichukua muda, na meneja akachoka. "Pima mapya tu, dada. Ya zamani si yanafanya kazi?" Bi Tena alibisha, lakini sikio la kufa halisikii dawa. Toleo jipya likatoka, na kimyakimya likaacha kuwatumia ujumbe wagonjwa waliosajiliwa zamani. Mmoja wao alikuwa dada yake mkubwa. Kliniki ilimwambia asubiri ujumbe, naye akasubiri, huku uvimbe unamla.

Baada ya mazishi Bi Tena aliandika majaribio ambayo kompyuta huyaendesha yenyewe kila tunapobadilisha kitu. La kwanza lina mgonjwa wa kubuni, aliyesajiliwa zamani, mwenye umri wa dada yake.

Juzi meneja, bila haya, akataka lifutwe. "Halijawahi kufeli. Linatuchelewesha bure." Nilitamani kumzaba kofi.

Bi Tena hakupandisha sauti. Aliliendesha mbele yetu, tukangoja, alama ya kijani ikatokea: ujumbe umefika.

"Umeona, bosi?" alisema, akijifuta machozi kwa kiganja. "Kaupata. Siku hizi anaupata kila siku."